Nyumba za Kupumzikia Ng'ambo ya Feri

Nyumba nyingi hujengwa ili watu wakae ndani yake. Ziko chache zilizojengwa ili wenyewe wakae mahali pengine karibu mwaka mzima, wazifikirie wakiwa kazini, kisha wazijie Jumamosi mchana na kuziacha Jumatatu alfajiri. Nyumba za namna hiyo ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa kuwa nilizaliwa nyuma ya mojawapo, huko Mjimwema, ng'ambo ya Feri; na kila nisomapo habari za mji wetu wa Dar es Salaam naona kuwa nyumba hizi hazitajwi, au zikitajwa, hutajwa na wale tu waliolala vyumbani. Waliolala nyuma hawakuulizwa.

Msomaji asidhani kuwa nimechagua jambo dogo. Mji huu mkubwa, ambao leo una mamilioni ya watu, ulianza kwa nyumba za mtu aliyetaka kupumzika. Asimamaye sasa pale Feri, penye soko la samaki la Magogoni, ataona vigumu kuamini. Mbele yake mlango wa bandari umebana kama shingo ya mtungi, na pantoni inavuka kwenda Kigamboni imejaa magari, baiskeli, matenga na watu waliosimama bega kwa bega. Nyuma yake madalali wanapiga mnada, wapaa samaki wamezungukwa na magamba yanayong'aa kama senti mpya, na mafuta yanachemka makaraini tangu alfajiri. Kama pana mahali katika Dar es Salaam ambapo neno pumziko halina kazi, ni hapa. Lakini katikati ya karne ya 19 upande huu wa pwani ulikuwa wa kijiji cha Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo, watu wa madema, mitumbwi na mashamba, na bandari iliyokuwa mlangoni pao haikuwa na sifa yoyote kwa wageni.

Aliyeleta mabadiliko ni Seyyid Majid bin Said, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1856. Ukoo wake ulikuwa na desturi ya kuukimbia mji. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa na jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, lililoelekea bahari. Ndugu yake, Seyyid Barghash, baadaye alijenga Chukwani na Marahubi. Jumba la Marahubi likaungua mwaka 1899, na nguzo zake zilizobaki ndizo ambazo watalii huzipiga picha mpaka leo. Dada yao, Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kisha akaolewa na Mjerumani, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1886, na humo amepaeleza kwa mapenzi makubwa Bububu, alikopata kukaa pwani mbali na fitina za mji. Majid alikwenda mbali zaidi ya hao wote, kwa kuwa yeye alivuka bahari. Katikati ya miaka ya 1860 alianza kujenga karibu na Mzizima, akapaita Dar es Salaam. Wanahistoria wametaja sababu nyingi: biashara ya misafara ya bara, hamu ya kuwa mbali na macho ya mabalozi na ya jamaa waliomwonea wivu. Sababu hizo ni za kweli, lakini jina alilolichagua si jina la biashara. Ni jina la mtu aliyechoka.

Alijijengea kasri, na mwaka 1866 na 1867 ikajengwa pembeni nyumba ya kulaza wageni wake. Mwaka 1867 mabalozi wa mataifa ya nje waliokuwa Unguja waliletwa kuutazama mji mpya, wakafanyiwa karamu. Nafikiri hao ndio watu wa kwanza kuja Dar es Salaam kwa matembezi na kurudi kwao. Matumbawe yalichongwa, chokaa ikachomwa, boriti za mikoko zikaletwa, na mashamba ya minazi yakapandwa, na kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya watumwa. Ilikuwa amani ya mtu mmoja, na wengi walikesha kwa ajili yake.

Majid alifariki mwaka 1870 kabla ya mji wake kukamilika. Barghash hakuutaka. Kasri likaachwa, majani yakaota katika vyumba ambavyo havikupata kukaliwa, na waliobaki ni wavuvi, wachuuzi wachache, na wale watumwa wa mashamba ambao hapana aliyekumbuka kuwaambia waende wapi. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakayahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kasri la Majid halipo. Lakini ile nyumba ya wageni ipo hata leo, katika njia iendayo kandokando ya bandari, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Feri, na watu huiita Boma la Kale. Nimeingia humo mara nyingi. Kuta zake ni nene kiasi cha kuufanya ukelele wa barabarani usikike kama uko mtaa wa pili, na vyumba ni vyembamba kwa sababu ambayo kila fundi wa zamani wa pwani aliijua: upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti. Katika miaka ya karibuni limefanywa kituo cha kuonyesha historia ya majengo ya mji.

Kwa nini nyumba ya wageni ibaki na kasri la mwenyewe liangamie? Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, na jawabu nililolipata nilipewa na baba yangu, ijapokuwa yeye hakupata kuingia katika Boma la Kale hata siku moja. Nyumba ile ilitiwa kazini. Wajerumani waliifanya mahali pa utawala, na baada yao ofisi ziliingia na ofisi zikatoka. Milango yake ilifunguliwa kila asubuhi, na aliyeona paa linavuja alikuwa na sababu ya kupiga kelele. Nyumba ya kupumzikia haina mtu wa kupiga kelele. Mvua ikiingia Jumanne, hujulikana Jumamosi ya mwezi ujao.

Sasa nivuke niende Mjimwema.

Banda lililotulea lilijengwa miaka michache kabla ya kuzaliwa kwangu, na mtumishi mmoja wa serikali ya Kiingereza ambaye makazi yake yalikuwa Uzunguni, upande wa pili wa bandari. Nasema banda kwa kuwa ndilo jina ambalo wenyewe walilitumia. Katika lugha yetu banda ni mahali pa mbuzi, pa kuku, pa kuhifadhia mitumbwi; lakini wageni walilipenda neno hilo, wakaliita banda jumba la vyumba vitatu lenye kuta za mawe na chokaa, paa la makuti, baraza pana inayotazama bahari, jiko lililo mbali, na birika la kukingia maji ya mvua. Mpaka leo mahoteli ya pwani huuza vyumba vya bei kubwa kwa jina hilo hilo. Mama alikuwa akicheka, akisema kuwa sisi tuliokaa katika nyumba ya udongo tulisema tuna nyumba, na wao waliokaa katika jumba wakasema wana banda, na kila mmoja aliridhika.

Lilisimama hatua chache kutoka mstari wa maji ya bamvua. Watu wa kijiji walishangaa. Katika pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, upepo wa kusi huleta mchanga na chumvi, na nyumba za wenyeji zilikuwa nyuma, ndani ya minazi, ambako upepo umekwisha kuchujwa. Wavuvi waliokwenda dago, yaani waliohamia ufukweni au visiwani kwa msimu mmoja ili kuwafuata samaki, hao ndio waliojenga vibanda mbele ya maji, na vibanda vyao havikuwa vya kudumu wala havikudaiwa kudumu. Msimu ukiisha vilibomolewa, na fito zikapakiwa chomboni. Mgeni hutaka kuiona bahari aamkapo. Mvuvi ameiona mchana kutwa, na jioni hutaka kumwona mkewe.

Kiwanja kile wazee walimpa mgeni kwa maneno, mbele ya mashahidi, na katika fikira zao walikuwa wanamwazima. Walisema: ardhi tumia, lakini minazi iliyomo ina wenyewe. Hapakuwa na hila katika neno hilo. Katika desturi ya pwani mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili, na mtu hurithi minazi kumi iliyo katika shamba la mwingine bila ugomvi. Minazi ya pale ilikuwa ya babu yangu. Mgeni alikwenda kuandikisha karatasi mjini, na karatasi ile haikuwa na mahali pa kuandika habari za minazi. Kisha akamwajiri mwana wa mwenye minazi awe mwangalizi wa nyumba. Huyo ndiye baba yangu.

Baba hakusoma shule ya serikali. Alisoma chuoni, akaijua Kurani, na aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliambiwa aweke daftari la mambo ya nyumba: mafuta ya taa, chokaa, idadi ya makuti yaliyonunuliwa. Aliyaandika hayo, lakini katika safu ya kulia aliongeza jambo ambalo hakuagizwa. Kila mara wenye nyumba walipolala aliandika, "wamelala." Daftari lile linaanza mwaka 1954, na sasa liko kwangu Kariakoo, katika sanduku la bati. Nimehesabu. Mwaka 1957 walilala usiku 31. Mwaka 1960 walilala usiku 14. Siku zote zilizobaki nyumba ilikuwa tupu, vitanda vimetandikwa, vyandarua vimefungwa mafundo, na familia ya watu saba imelala nyuma yake katika vyumba viwili.

Msomaji ataniuliza, je, baba hakupata kulala ndani hata mara moja? Nami nilimwuliza. Alinijibu kuwa hakulala, wala si kwa hofu, bali kwa sababu mtu akilala katika nyumba ya mwenzake hulala jicho moja, na yeye alikuwa na kitanda ambacho alikilalia macho yote mawili. Lakini kila Alhamisi alifanya kazi ambayo wenyewe hawakuijua. Alikusanya makumbi ya nazi, akayawasha katika vyungu vilivyopasuka, akaviweka sakafuni katika kila chumba, akafunga madirisha, moshi ukapanda ukapenya makuti. Paa la makuti lisilopata moshi huliwa na wadudu. Hilo kila mwanamke wa pwani alijua, kwa kuwa paa lililo juu ya jiko lake lilidumu kuliko la chumbani. Nyumba ile haikupikiwa ndani, kwa hiyo ilikuwa ikifa kila siku, na baba alikuwa akiifufua kila wiki. Jumamosi wageni walipofika walisema nyumba ina harufu nzuri ya kizamani.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata mwenye nyumba alirudi kwao. Akamwuzia mfanyabiashara mmoja wa Uhindini, mtu mwenye duka la vitambaa na jamaa wengi. Hao walikuja kwa namna nyingine: bibi, wajukuu, masufuria, magunia ya mchele, watu ishirini au zaidi katika vyumba vitatu, na walipika barazani tangu asubuhi mpaka usiku. Baba aliwapenda, ijapokuwa kazi ilizidi. Alisema mara hii banda limepata moshi wake. Katika daftari miaka ile maneno "wamelala" yanafuatana kama shanga. Lakini nao walihama nchi katika miaka ya 1970, kama walivyohama wengi wa jamaa zao baada ya sheria ya mwaka 1971 iliyoyatwaa majengo ya kupangisha, na banda likaingia mikononi mwa shirika moja la umma, likafanywa nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi. Kibao kilipigwa. Lori lililoleta wafanyakazi nililiona mara moja tu. Walikuja asubuhi, wakaimba, wakaogelea, wakala wali, wakaondoka jioni, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimechukuliwa na mtu ambaye hakutajwa. Baadaye mshahara wa baba ulikatika. Hapana aliyemwachisha kazi, wala hapana aliyemlipa. Aliendelea kuwasha makumbi kila Alhamisi mpaka alipofariki mwaka 1983.

Nilikuwa nimekwisha kuhamia Kariakoo, kwa mjomba aliyenisomesha, kisha katika kazi yangu ya ualimu. Nilivuka Feri kila nilipoweza, na kila nilipovuka banda lilikuwa limepungua. Makuti yalikwisha katika misimu mitatu. Mbao za milango zilikwenda. Bahari nayo, ambayo katika pwani hii imekula fukwe za Kunduchi na hata kuilazimisha Serikali kujenga ukuta katika njia iliyokuwa ikiitwa Ocean Road, ilikula kwanza ngazi, kisha baraza. Mawe ya kuta yalichukuliwa na wanakijiji, wakajengea kisima na sehemu ya kutawadhia. Wapo watu wa mjini waliosikitika mbele yangu kwa kupotea nyumba ya kihistoria. Sikuweza kusikitika pamoja nao. Mawe yale yalichimbwa kijijini, na sasa kwa mara ya kwanza yanafanya kazi siku zote saba.

Lakini nisieleweke vibaya, kwamba ninachukia mapumziko. Jumapili nenda ufukwe wa Koko, Oysterbay, uone watu wa Kariakoo, Manzese na Temeke wakila mihogo ya kukaanga miguu imo majini. Hawana nyumba pale, wala hawahitaji mwangalizi. Jua likituwa hukung'uta mchanga na kupanda daladala. Mtu aliyefanya kazi siku sita ana haki ya upepo. Ninachokitilia shaka ni nyumba tupu iliyosimama katikati ya watu waliobanana, ikingoja.

Na nyumba hizo zinarudi. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na kwa miaka mingi wenyeji walikaa wasijue kama wajenge au wahame. Mpango ule haukutimia. Mwaka 2016 daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa, na mtu mwenye gari hakulazimika tena kupanga foleni Feri. Bei ya viwanja vya pwani ilipanda kama maji ya bamvua, na tofauti na maji haikushuka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na hesabu ya mita 60, kama nionavyo mimi, hutegemea ni nani anayepima.

Mwaka jana mnunuzi alikuja kwetu. Anataka kujenga nyumba sita za kupumzikia, nazo zitaitwa mabanda. Karatasi ya kiwanja, iliyopita mikono mingi, imekwisha kumfikia. Kilichobaki ni minazi kumi na minne ya ukoo wetu ambayo haimo katika karatasi, na mashina yake yamo njiani mwake. Yeye ni mtu mstaarabu. Alikuja na kilo ya sukari na majani ya chai, akaeleza kuwa yuko tayari kulipa minazi kwa bei nzuri, na kwamba mmoja wa vijana wetu atapewa kazi ya uangalizi.

Tulikutana nyumbani kwangu, ukoo mzima. Nilisema maneno mengi siku ile, juu ya desturi ya mti na ardhi, juu ya babu na mashahidi wake, na juu ya Majid pia, nadhani, kwa kuwa mwalimu hastaafu ulimi. Mtoto wa ndugu yangu alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Yeye huendesha bodaboda ya mtu mwingine, ana watoto watatu. Akasema, "Baba mkubwa, yote uliyosema ni kweli. Lakini minazi ile mwaka huu imetupa nazi ngapi? Na mimi nikikataa kazi hiyo, atakayeipata si mtu wa Mjimwema." Hapakuwa na mtu wa kumjibu, na mimi sikujaribu. Shangazi yangu, aliye mkubwa wetu sote, alisema minazi iuzwe kumi, minne ibaki, na iandikwe safari hii katika karatasi kuwa ina wenyewe. Mnunuzi alikubali, kwa kuwa minne ile iko pembeni, nayo inapendeza kwa kivuli.

Jambo langu moja nililoomba ni dogo, na kijana alilipokea bila kuuliza sababu. Nilimnunulia daftari. Hakulitumia, ananiletea hesabu kwa simu, kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa hivyo ndivyo vijana wanavyoandika. Nyumba mbili kati ya sita zimekwisha, na zimeezekwa makuti juu ya mabati. Tangu Januari mpaka sasa, mwezi wa Agosti, katika nyumba ya kwanza wamelala usiku 19. Katika ya pili, 6. Juzi aliongeza swali chini ya hesabu yake: Baba mkubwa, makuti yameanza kuingiwa na wadudu, je, babu alikuwa akitumia makumbi makavu au mabichi?

Nilimjibu kuwa ni makavu ya kuwashia, na mabichi juu yake.